Treni ndefu katika Factorio: namna ya kuchora reli zisizokwama

Mikwamo mingi ya treni ndefu katika Factorio, mchezo wa kompyuta wa kujenga viwanda, ina chanzo kimoja: reli zilichorwa kabla mchezaji hajaamua treni zake zitakuwa na urefu gani. Makutano yanayopitisha vizuri treni ya kichwa 1 (gari lenye injini linalovuta) na mabehewa 2 huziba kabisa ikija treni ya vichwa 2 na mabehewa 8, ingawa hakuna taa ya kuongozea treni hata moja iliyohamishwa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na urefu, na vipimo vingine vyote vinatokana nao.

Maelezo yanafaa kwa toleo la 1.1 na la 2.0, lililotoka tarehe 21 Oktoba 2024. Tofauti kubwa kwa mjenzi wa reli ni kwamba 2.0 ilibadilisha umbo la kona. Michoro ya kona uliyohifadhi zamani ni ya umbo la zamani, kwa hiyo ukianza dunia mpya chora makutano upya.

Hatua ya 1: Amua urefu wa treni

Ardhi ya mchezo imegawanywa kwa miraba. Kila kichwa na kila behewa huchukua miraba 6, na kati ya kimoja na kingine kuna mraba 1 wa kiungo. Hesabu vichwa na mabehewa, zidisha kwa 7, toa 1. Treni ya 1-4 (kichwa 1, mabehewa 4) ina miraba 34. Ya 2-8 ina 69, ya 3-12 ina 104, na ya 4-16 ina 139.

Reli iliyonyooka ina urefu wa miraba 2, na reli zote hukaa kwenye gridi ya miraba miwili miwili. Miraba 69 kwa hiyo inakuwa 70, na ukiongeza kidogo ili taa isigusane na mkia wa treni unapata 72, yaani reli 36 zilizonyooka. Tutafuata treni ya 2-8 katika mwongozo wote, na 72 ndiyo namba ya kukumbuka. Ukichagua urefu mwingine, weka namba yako kila mahali utakapoona 72.

Usiongeze vichwa kwa hofu kwamba treni ndefu itakuwa nzito. Kichwa kina uzito wa 2,000 na behewa 1,000. Treni ya 1-4 ina jumla ya 6,000 kwa kichwa kimoja. Ya 2-8 ina 12,000 kwa vichwa viwili, na ya 4-16 ina 24,000 kwa vinne. Uwiano ni uleule, kwa hiyo zinachukua kasi karibu sawa. Kinachoharibu mwendo ni kufunga kichwa kinachotazama nyuma: hakivuti treni ikienda mbele, lakini uzito wake unabebwa safari nzima. Treni ndefu ziwe za upande mmoja, vichwa vyote mbele, na vituo viwe vya kuingilia huku na kutokea kule.

Je, unahitaji treni ndefu kweli? Behewa lina nafasi 40. Madini yanapangwa 50 kwa nafasi, kwa hiyo behewa moja hubeba 2,000 na treni ya 2-8 hubeba 16,000. Mabamba ya chuma ni 4,000 kwa behewa, na saketi za kijani ni 8,000. Kama tanuri zako zinakula mkanda mmoja mwekundu wa kusafirishia vitu, yaani vitu 30 kwa sekunde, shehena moja ya madini itakaa karibu dakika 9 kabla ya kwisha. Treni ndefu inaanza kuleta faida pale kituo kimoja kinapokula mikanda miwili ya bluu (vitu 45 kwa sekunde kila mmoja) au zaidi. Chini ya hapo treni ya 1-4 inatosha.

Kuna jambo linalofanya uamuzi huu usiwe mgumu. Treni fupi inapita bila shida kwenye mtandao uliochorwa kwa treni ndefu, lakini kinyume chake hakiwezekani. Chora reli kwa ajili ya treni ndefu kuliko zote unayotarajia kuwa nayo, hata kama leo unaendesha fupi tu.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa

Reli 2 hutengenezwa kwa jiwe 1, bamba 1 la chuma cha pua na kijiti 1 cha chuma. Njia mbili za miraba 1,000 zinahitaji reli 1,000, yaani mawe 500, chuma cha pua 500 na vijiti 500, bila kuhesabu kona. Treni moja ya 2-8 inakula chuma cha pua 220: vichwa viwili huchukua 60 na mabehewa manane 160. Juu yake kuna injini 40, saketi za kijani 20, gia 80 na mabamba ya chuma 160. Injini ndizo huchelewesha watu. Weka mashine ya kutengeneza injini mapema, izijaze kwenye sanduku huku ukiendelea kuchora.

Hatua ya 3: Elewa taa kabla ya kuweka hata moja

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa ya treni ndefu iko hapa.

Taa ziko za aina mbili. Taa ya kawaida hutazama kipande kimoja tu cha reli kilicho mbele yake, yaani sehemu kati ya taa hiyo na taa inayofuata: kikiwa kitupu ni kijani, kikiwa na treni ni nyekundu, na kikishawekewa nafasi na treni inayokuja ni njano. Taa ya mnyororo hutazama mbali zaidi, kwa kuuliza taa inayofuata ina hali gani. Ina rangi moja ya ziada, bluu, inayomaanisha kwamba baadhi ya njia za kutokea zimefunguka na nyingine zimefungwa.

Kanuni inayojulikana ni kuweka mnyororo kabla ya makutano na taa ya kawaida baada yake. Kwa treni fupi inatosha. Kwa treni ndefu iongezewe sharti: taa ya kawaida inaruhusiwa kwenye njia ya kutokea ikiwa tu kipande kinachoanza hapo kinaenea kwa miraba 72 au zaidi kabla ya kukutana na taa nyingine.

Tazama kinachotokea usipolifuata sharti hilo. Treni ya miraba 69 imesimama kwenye mnyororo. Mbele ya makutano kuna taa ya kawaida, kisha kipande cha miraba 30, kisha taa nyingine ya kawaida. Kipande cha miraba 30 ni kitupu, kwa hiyo taa yake ni kijani, na mnyororo nao unakuwa kijani. Treni inaingia. Taa ya pili ni nyekundu kwa sababu kuna treni nyingine mbele, kwa hiyo kichwa kinasimama hapo. Miraba 30 imeingia kwenye kipande. 39 iliyobaki imelala juu ya makutano, mabehewa matano na sehemu ya la sita. Sasa hakuna anayeweza kukata njia kutoka upande wowote. Ikiwa treni ya mbele nayo inasubiri nafasi katika makutano hayohayo, zimefungana, na hazitajifungua zenyewe.

Kwenye njia ya wazi, mbali na makutano, vipande vinaweza kuwa vifupi kuliko treni, na hata ni vizuri viwe hivyo. Treni inaruhusiwa kulala juu ya vipande vitatu vya miraba 36 bila kumzuia yeyote isipokuwa anayeifuata. Vipande vifupi vinaruhusu treni kufuatana kwa karibu. Kipande cha miraba 300 kinamlazimisha wa nyuma asubiri mpaka mkia wa aliye mbele utoke wote. Taa moja kila miraba 36 inafaa. Kuzisogeza karibu zaidi ya hapo hakuongezi kitu cha maana, kwa sababu treni iliyo kwenye kasi hushika vipande vyote vilivyo ndani ya umbali wake wa kufunga breki. Utafiti wa nguvu za breki, wenye ngazi 7, ndio unaofupisha umbali huo, na kwenye mtandao wa treni ndefu unastahili kufanywa mapema.

Taa husimama upande wa kulia wa treni kwa jinsi inavyokwenda. Wengi wetu tumezoea barabara za kushoto, kwa hiyo mkono hujiendea wenyewe kuchora reli za kushoto pia. Inawezekana, ila taa za njia zote mbili zitaangukia katikati, na utahitaji angalau miraba 2 mitupu kati ya reli na reli. Ukiendesha kulia, taa zinakwenda nje na nafasi ya katikati inabaki kwa nguzo kubwa za umeme, ambazo nazo zina upana wa miraba 2. Njia ya kulia ni rahisi zaidi kwa sababu hiyo. Chochote utakachochagua, usichanganye.

Hatua ya 4: Chora makutano

Kabla ya umbo la makutano, fikiria nafasi kati ya makutano na makutano. Pima kutoka taa ya kutokea ya kwanza hadi mnyororo wa kuingilia wa pili. Ni miraba 72 au zaidi? Vizuri. Ni 40? Basi kwa treni yako hayo ni makutano mamoja makubwa, yatendee hivyo: taa zote za katikati ziwe minyororo, na taa ya kawaida ya kwanza ije baada ya makutano ya pili. Treni haitaondoka mpaka ione njia nzima iko wazi. Ni salama, lakini utapitisha treni chache, kwa hiyo palipo na nafasi yatenganishe.

Wanaojenga kwa gridi wanaweza kutumia seli ya miraba 150 kwa 150. Miraba 72 inakuwa ya treni kusubiri na 78 inabaki kwa makutano yenyewe, na hiyo inatosha hata kwa njia nne. Namba 150 ina faida nyingine mbili: vituo vya roboti huunganishwa kila miraba 50, kwa hiyo vitatu vinatosha upande mmoja wa seli, na nguzo kubwa za umeme zikiwekwa kila miraba 30 zinakuwa tano kamili. Seli ya 100 inayopendwa na wengi inabakiza miraba 28 tu kwa makutano ya treni ya 2-8, na ndiyo maana inawakwamisha.

Kuhusu umbo, makutano ya njia tatu ni bora kuliko ya njia nne kila inapowezekana. Sehemu za kukatana ni chache sana, na treni ndefu inaposimama huzuia watu wachache. Ndani ya makutano weka minyororo kabla ya kila sehemu ambapo reli mbili zinakatana au kuungana, ili eneo ligawanyike. Usipogawa, treni inayokata kona upande mmoja itaizuia ile inayokwenda moja kwa moja upande wa pili, ingawa njia zao hazigusani.

Epuka kipilefti. Duara lake ni fupi kuliko treni ya 2-8, kwa hiyo treni inayozunguka robo tatu hukalia karibu duara lote huku mkia ukiwa bado mlangoni. Ukiweka taa za kawaida ndani ya duara, treni mbili zitaingia na kila moja itasubiri mkia wa mwenzake milele. Ukiweka minyororo tupu, mkwamo unaisha lakini karibu kila mara inapita treni moja tu kwa wakati. Vilevile kipilefti huruhusu kugeuza, na mfumo wa kutafuta njia utaitumia ruhusa hiyo bila kukuuliza: foleni ikitokea mbele, treni ya miraba 69 itageukia katikati ya makutano ili kuzunguka njia nyingine.

Fikiria pia mwendo. Kichwa kwa kasi ya juu kabisa ya kawaida, kilomita 259.2 kwa saa, hupita miraba 72 kwa sekunde moja. Treni nzima ya 2-8 inavuka alama moja kwa sekunde moja hivi ikiwa haijapunguza mwendo. Ikianza kutoka kusimama, itachukua sekunde kadhaa. Kwa hiyo njia iliyo na treni nyingi ndiyo ipite moja kwa moja, na matawi yenye treni chache ndiyo yakate kona na kusubiri.

Mwenye nyongeza ya Space Age ana reli za juu. Zinaondoa kukatana, lakini haziondoi kuungana: mahali ambapo njia mbili zinakuwa moja bado pana mnyororo kabla na miraba 72 baada.

Hatua ya 5: Jenga kituo na yadi ya kusubiria

Treni zinazosubiri kupakia au kupakua zisisubiri kwenye njia kuu. Treni mbili za 2-8 zikipanga foleni nje ya kituo zimekula zaidi ya miraba 140, na hapo kwa kawaida pana makutano.

Yadi ni reli kadhaa sambamba kati ya njia kuu na majukwaa. Kila reli iwe na urefu wa 72 kati ya taa ya mwanzo na ya mwisho, na ukihesabu nafasi ya taa, kila moja inachukua upana wa miraba 4. Reli nne zinataka eneo la miraba 16 kwa 72, pamoja na sehemu za kugawanyika na kuungana. Taa ziende hivi, kwa kufuata treni inavyoingia:

– mnyororo kabla reli hazijagawanyika;
– taa ya kawaida mwanzoni mwa kila reli ya kusubiria;
– mnyororo mwishoni mwa kila reli ya kusubiria;
– taa ya kawaida mwanzoni mwa kila jukwaa.

Jukwaa lenyewe linyooke kwa miraba 70 nyuma ya nguzo ya kituo, si pungufu. Likiwa na 64, mkia utabaki kwenye shingo ya yadi na majukwaa mengine yote yatafungwa mpaka treni hiyo iondoke. Mchezo unakusaidia hapa: unaposhika nguzo ya kituo karibu na reli, unaonyeshwa mahali kila behewa litakapokaa. Nguzo ikae kulia kwa treni. Ikikaa kushoto, treni itadai haina njia, na utapoteza muda ukitafuta reli iliyokatika ambayo haipo.

Baada ya jukwaa watu wengi huunganisha moja kwa moja kwenye njia kuu. Afadhali uache reli ya kutokea ya miraba 72: taa ya kawaida mwishoni mwa jukwaa, kisha miraba 72, kisha mnyororo kabla ya kuungana na njia kuu. Njia kuu ikiwa na foleni, treni iliyomaliza itasubiri pale nje na nyingine itaingia kupakia. Gharama yake ni reli 36, na hakuna kitu kingine katika kituo kinacholeta nafuu kubwa kiasi hicho kwa bei hiyo. Usisahau kwamba njia kuu nayo inahitaji mnyororo kabla ya mahali pa kuungana, na miraba 72 baada yake.

Hatua ya 6: Pakia na upakue kwa usawa

Behewa lina miraba 6 kila upande, kwa hiyo linapokea mikono 6 (mashine zinazohamisha vitu) upande mmoja, au 12 pande zote. Mkono wa kijani ulioongezewa uwezo hadi vitu 12 kwa mara moja huhamisha takriban vitu 27 kwa sekunde kati ya sanduku na behewa. Mikono 6 inamaliza madini 2,000 kwa sekunde 12 hivi. Mkanda wa bluu peke yake, vitu 45 kwa sekunde, ungehitaji sekunde 44 kwa behewa hilohilo. Ndiyo sababu masanduku hayaepukiki: yanajazwa polepole wakati jukwaa liko tupu, kisha yanamwagwa haraka treni ikifika.

Sanduku la chuma cha pua lina nafasi 48, yaani madini 2,400, zaidi ya behewa zima. Ukiwa na mabehewa 8 na masanduku 6 kwa kila moja, una masanduku 48 yenye uwezo wa 115,200, shehena ya treni saba. Ni nyingi mno. Funga nafasi za ziada kwenye kila sanduku ubakize 20: kila moja litabeba 1,000, na yote pamoja 48,000, treni tatu kamili. Namba hii itatumika katika hatua inayofuata.

Tatizo kubwa la kupakia treni ndefu ni kutokuwa sawa. Masanduku ya mwanzo wa mkanda hujaa, ya mwisho hubaki matupu, na treni yenye mabehewa saba yaliyojaa husimama dakika kadhaa ikisubiri la nane. Kugawanya mikanda kwa usawa kunasaidia, lakini dawa yenyewe ni waya. Unganisha masanduku yote 48 kwa waya nyekundu hadi upande wa kuingilia wa kikokotoo cha hesabu. Kikokotoo kigawanye kila kitu kwa -48, yaani kitoe wastani wenye alama ya kutoa. Upande wa kutokea uunganishe kwa waya nyekundu nyingine na mikono yote inayojaza masanduku. Kisha kila mkono uunganishwe na sanduku lake tu kwa waya ya kijani. Sharti la mkono: fanya kazi ikiwa madini ni 0 au chini ya 0. Mkono utajaza sanduku lake likiwa chini ya wastani au sawa nao, na yote 48 yatapanda pamoja. Makosa ya kawaida hapa ni kuziunganisha zile waya nyekundu mbili kwa bahati mbaya. Zikigusana hesabu inajizungusha na mikono inasimama au inawaka na kuzimika ovyo.

Treni zote zinazotumia kituo kimoja ziwe na mpangilio mmoja. Treni ya 1-4 ikiingia kituo cha 2-8, behewa lake la kwanza linakaa mahali pa kichwa cha pili, na hapo hapana mikono.

Hatua ya 7: Weka kikomo cha treni

Tangu toleo la 1.1 kila kituo kinaweza kuwekewa kikomo cha treni. Kikomo kinahesabu treni iliyopo kituoni na zilizo njiani kuja. Kanuni: kikomo kisizidi majukwaa pamoja na reli za kusubiria. Jukwaa 1 na reli 3 ni kikomo cha 4. Ikiwa nguzo mbili zenye jina moja zinashiriki yadi ya reli 4, kila nguzo ipewe 3.

Kwa vituo vya kupakia unaweza kuacha kikomo kijipange chenyewe. Peleka jumla ya masanduku kwenye kikokotoo kingine, igawanye kwa 16,000, na utume jibu kwenye nguzo ya kituo kama ishara L. Desimali huachwa, kwa hiyo madini 31,000 yanaita treni moja na 48,000 yanaita tatu. Kwa kuwa tulifunga masanduku yasizidi 48,000, kikomo hakiwezi kupita 3. Kwa vituo vya kupakulia namba isiyobadilika inatosha.

Idadi ya treni nayo ina mpaka. Ukiwa na vikomo visivyobadilika, jumlisha vya kupakia na vya kupakulia, kisha toa angalau 1. Nafasi 12 za kupakia na 8 za kupakulia zinabeba treni 19. Ya 20 inajaza kila nafasi, na hakuna itakayoweza kuhama. Pamoja na hayo, vikomo vinavyojipanga vina hatari yake: migodi ikipungukiwa, treni tupu hubaki kwenye majukwaa ya kupakulia kwa sababu hazina pa kwenda, na zilizojaa zinasubiri nyuma yao. Katika 2.0 tumia ukatizaji wa ratiba: ikiwa kituo kinachofuata kimejaa na mabehewa ni matupu, treni iende depo, yaani yadi ya kuegesha treni zisizo na kazi. Reli za depo nazo ni za 72. Katika 1.1 punguza treni, au rudi kwenye vikomo visivyobadilika.

Hatua ya 8: Mafuta

Kichwa hutumia kilowati 600 kikiwa kinavuta kwa nguvu zote, na kina nafasi 3 za mafuta. Makaa ya mawe 150 yana megajuli 600, yaani sekunde 1,000 za kuvuta. Mafuta magumu 150 yanafika sekunde 3,000. Mafuta ya roketi 30 tu yanafika sekunde 5,000, yanaongeza uwezo wa kuchukua kasi hadi asilimia 180, na kasi ya juu inapanda hadi kilomita 298 kwa saa. Kwa treni ndefu zinazosimama mara nyingi kwenye makutano, kule kuchukua kasi ndiko kunakofaa zaidi kuliko kasi yenyewe.

Weka mikono ya mafuta kwenye nafasi za vichwa vyote viwili. Kichwa cha pili kikiishiwa, cha kwanza kitaendelea kuvuta treni nzima kwa mwendo wa kobe, na hutajua kwa nini njia kuu ina foleni.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kutegemea

Hifadhi nakala ya dunia yako, fungua nakala hiyo, kisha andika /editor. Amri hiyo huzima tuzo za mchezo, ndiyo maana usiitumie kwenye dunia yako halisi. Hapo unaweza kuweka treni bure.

Kwanza shika taa mkononi na utazame rangi za vipande karibu na makutano. Rangi inapobadilika ndipo kipande kinapoishia. Kila njia ya kutokea iwe na rangi yake inayoendelea miraba 72. Ukiona rangi ya katikati ya makutano inaendelea hadi kwenye njia kuu, kuna taa imesahaulika au imekaa upande usio wake.

Kisha chukua treni moja ya 2-8 uiegeshe kwa mkono, kichwa kikiwa kwenye taa inayofuata baada ya kila njia ya kutokea, kimoja baada ya kingine, na uangalie mkia. Fanya hivyo pia kwenye kila reli ya yadi na kila jukwaa. Behewa la mwisho likigusa makutano hata kwa mraba mmoja, sogeza taa. Mwisho, ziba njia moja kuu kwa treni iliyoegeshwa na uziache nyingine ziende kwa ratiba. Foleni itajengeka, na hiyo ni sawa. Unachotafuta ni kuona makutano yote yamebaki matupu wakati wa foleni. Ondoa treni iliyoziba: kila kitu kinapaswa kujifungua bila kuguswa.

Ukirekebisha mtandao wa zamani wa treni fupi

Si lazima kubomoa. Tembelea kila makutano, pima njia ya kutokea, na pale ambapo miraba 72 haipo ondoa taa za kawaida zilizo karibu mpaka kipande kirefuke. Kuondoa taa ni kazi ya dakika chache na huponya sehemu kubwa ya mikwamo. Palipo na makutano mengine karibu, geuza taa za katikati kuwa minyororo kama ilivyoelezwa katika hatua ya 4. Vituo ndivyo vinavyohitaji kujengwa upya, kwa sababu jukwaa la miraba 34 halirefuki bila kuhamisha mikono yote. Anza na kituo cha kupakulia chenye shughuli nyingi kuliko vyote, kwa kuwa foleni huanzia hapo na kurudi nyuma kuelekea migodini, na usibadilishe treni hata moja kuwa ya 2-8 mpaka kila kituo kilicho kwenye ratiba yake kiwe tayari.